Kibao cha Hongera

Saa moja asubuhi Momanyi aliwapanga wageni wake chini ya Mlima Homa, akawahesabu, halafu akamvuta Nyatichi nyuma ya gari.

"Yule mzee wa duka," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo mfikishe kwa kibao, basi."

Nyatichi alielewa. Mlima ule una bega, kiwanja kidogo cha nyasi na mawe kilicho chini ya kilele chenyewe, na hapo Momanyi alikuwa amesimika kibao cha mbao kilichoandikwa HONGERA, UMEFIKA KILELENI. Kule juu kulikuwa na kingine kama hicho hicho. Wenye miguu myepesi walipitishwa njia ya kushoto, wasikione cha chini. Wazito waliletwa na Nyatichi, ambaye kazi yake ilikuwa kutembea nyuma kabisa. Walipigwa picha hapo begani, wakapewa cheti, wakashuka wakifurahi, na gari likarudi Migori kwa wakati.

"Na akiuliza juu ya kile kilele?"

"Mwambie ni mlima mwingine. Kwani umeanza leo?"

Hakuwa ameanza leo, na hilo ndilo lililomchoma. Mwaka uliopita alimdanganya hivyo mwalimu mstaafu wa Rongo, Mwalimu Nyanchoka, na yule mama alimkumbatia akalia. Baadaye alimtumia picha ya cheti chake kikiwa kimetundikwa sebuleni. Nyatichi aliitazama mara moja tu, na hakuifungua tena.

Mzee wa duka aliitwa Abdurahman. Alikuwa na miaka sabini na moja, kofia ya kufumwa, raba mpya, na bandeji kwenye goti la kulia. Kabla ya kuanza safari aligawa tende, moja moja kwa kila mtu, hata dereva. Nyatichi alikuwa ameinama akimfungia mgeni mmoja mkoba. Alipoinuka, pakiti ilikuwa tupu. Mzee alifungua mdomo tayari kusema kitu, akaufunga, akampa ile aliyokuwa amejiwekea kiganjani.

"Wewe ndiye utakayenivumilia leo, binti yangu. Kula."

Wengine walitangulia kwa kelele na nyimbo. Hao wawili wakabaki na mwendo wao, hatua kumi, pumziko, hatua kumi tena.

"Miaka thelathini na nne nina duka Homa Bay," mzee alisema akihema. "Kila asubuhi nikifungua mlango, mlima huu ndio naona kwanza, ng'ambo ya maji. Sijawahi kuukanyaga. Na mwezi ujao tunahamia Garissa kwa binti yetu, Hibo. Nikasema, siwezi kuondoka hivi hivi."

"Na mama hakutaka kuja?"

"Kultum? Miguu yake ngazi zenyewe zinaishinda. Lakini tumepatana." Alicheka, akatoa mfukoni kioo kidogo cha kunyolea. "Saa tano kamili atakuwa pale ghorofani tunakoishi na kile kioo kikubwa cha kabati, animulikie jua. Mimi nami nimjibu na hiki. Aone nilipofika, nami nione tulipoishi."

Nyatichi alisimama kidogo. Kutoka begani mji hauonekani. Kilele kinauziba wote.

Angesema pale pale. Lakini alikumbuka miaka aliyobeba magunia ya mawe ya dhahabu kule Macalder, mgongo ukiwaka, kabla hajapata kazi hii. Akanyamaza, akaendelea kupanda.

Walifika kwenye kibao saa tano kasoro dakika tano. Mzee alikishika kwa mikono miwili, akanong'ona alhamdulillahi, akageuka huku na huku.

"Na mji uko wapi?"

"Upande ule, baba. Leo kuna ukungu."

"Na hicho kilima?"

"Ni... ni mlima mwingine."

Mzee aliamini. Alimpigia mkewe simu, akaiweka kwa sauti kubwa ili Nyatichi naye amsikie.

"Kultum! Nimefika! Mulika!"

"Namulika," ilisema sauti nyembamba ya mama. "Nimekiegemeza kwenye ukuta wa roshani. Unaona?"

"Sioni. Kiinue."

"Nimekiinua."

"Hujakiinua. Kigeuze kwa jua, kwa jua!"

"Abdurahman, kioo kizito hiki. Mkono unanitetemeka."

"Miaka yote hii, kitu kidogo kama hicho hukiwezi? Mimi nimepanda mlima mzima, wewe kushika kioo tu!"

Kultum akasema polepole, "Basi labda mimi ndiye sijui," wakasikia pumzi zake, na kioo kikikwaruza ukuta alipokuwa akikiinua tena.

Hasira ilimpanda Nyatichi. Mwanamke mgonjwa amesimama juani, anagombezwa na mumewe kwa kosa ambalo si lake, na yeye mwenye kosa amesimama hapa na cheti mkobani. Alishika kile kibao, akakitikisa mara tatu, akaking'oa na udongo wake, akakitupa kwenye mawe. Kikapasuka katikati.

"Baba, mwambie mama aweke kioo chini. Hapa si kileleni."

Mzee alimtazama kana kwamba hakusikia.

"Kilele ni kile. Si mlima mwingine. Hakuna ukungu. Nimekudanganya, na si wewe wa kwanza."

Mzee alikata simu.

"Ungeniacha nimtukane mke wangu mpaka lini?"

"Sijui, baba."

"Nimekupa tende yangu!"

"Umenipa."

"Nami nimeuza sukari miaka thelathini na nne. Sikuwahi kumpunguzia mtu hata kijiko. Ningempunguzia, angeniitaje?"

"Mwizi," alisema Nyatichi.

Mzee aligeuza uso. Alikaa juu ya jiwe, akifunga na kufungua bandeji yake. Hatimaye akauliza bila kumtazama, "Ni mbali?"

"Kwa goti hilo, mwendo wa saa tatu."

"Tangulia."

Njia ya kutoka begani huungana na ile ya kushoto, na kutoka hapo ni nyembamba, mtu mmoja tu hupita, na pande zote ni miiba. Walipokuwa nusu yake walikutana na Momanyi akishuka na wageni.

"Nyatichi! Huyu anafanya nini huku?"

"Anapanda mlima aliokuja kuupanda."

"Mzee wangu, umeshafika tayari, si ulikiona kibao? Turudi, gari linatoka saa tisa."

"Kibao nimekiona," alisema Abdurahman. "Kimepasuka."

Wageni walianza kutazamana. Mama mmoja mrefu, Valary, muuguzi kutoka Migori, akauliza, "Kibao gani? Si kiko juu, tumetoka kupigwa picha nacho?"

"Viko viwili, na cha chini ni cha uongo," alisema Nyatichi.

Momanyi alimsogelea Nyatichi mpaka mate yakamfikia usoni.

"Kazi umeacha leo. Umesikia? Leo!"

"Nimesikia. Sasa tupishe."

"Sipishi mtu!"

Valary ndiye aliyeingia kwenye miiba kwanza, suruali yake nzuri ikachanika. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakilalamika na kujikwaruza, mpaka njia ikabaki wazi na Momanyi peke yake katikati yake. Akasogea. Valary alimpa mzee fimbo yake ya kutembelea.

"Gari halitoki bila nyinyi," alisema. "Tutakaa mbele yake ikibidi."

Saa nane na robo walifika juu. Ghuba ilikuwa chini yao, na ng'ambo yake mji wa Homa Bay, mabati yaking'aa madogo kama punje. Mzee alipiga simu. Iliita sana.

"Sitaki kelele tena," alisema Kultum. "Nimekaa kitini."

"Kultum, wewe ulikuwa sawa. Mimi nilikuwa mahali pasipo sahihi. Nisamehe."

"Mahali gani?"

"Nitakueleza nyumbani. Nisamehe kwanza."

"Subiri nisimame," alisema.

Walisubiri. Dakika moja, mbili, tatu. Halafu ng'ambo ya maji, katikati ya mabati, cheche moja nyeupe ikawaka, ikatetemeka, ikazimika, ikawaka tena.

"Namwona," mzee alisema. "Namwona, jamani." Alifuta macho, akampa Nyatichi kile kioo cha kunyolea. "Mjibu wewe. Mimi siwezi."

Nyatichi alimulika. Kwenye simu ikasikika kelele ya furaha ya Kultum.

"Bado nina hasira na wewe," mzee alisema machozi yakimshuka.

"Ni haki yako, baba."

Aliendelea kumulika mpaka mkono ukauma. Kisha, mzee alipokuwa akiongea na mkewe, alitoa simu yake mwenyewe, akatafuta jina la Mwalimu Nyanchoka wa Rongo, akabonyeza.

"Mwalimu," alisema ilipopokelewa. "Ni Nyatichi wa mlimani. Kuna jambo baya nilikufanyia, na leo nataka ulisikie kwangu."