Inuka, Shemeji

Itangazwe kwa walimu, wazazi, wanafunzi na wapishi walioacha masufuria motoni: Mwandishi Mashuhuri, Mfufuaji wa Ndoto, Mganga wa Mioyo Iliyovunjika, amewasili shuleni. Amewasili kupitia choo cha wasichana, alichokidhania kuwa ofisi ya mkuu wa shule, na amesindikizwa kutoka humo na matroni mwenye ufagio.

Ukumbini, kiranja alikuwa ameshazima feni zote. Mgeni huyu akianza kuzungumza watu hupanda hewani, na katika mkutano wa kampuni moja ya bima karani mmoja aliyepanda haraka aligongwa na feni. Hakuumia sana. Alinunua kitabu.

Kabla ya umashuhuri, mgeni alikuwa mtangazaji wa mpira redioni na mwandishi wa ukurasa wa michezo. Watu walimwita Lala Salama, kwa sababu kila bao alilolitangaza, hata la mapema kabisa, lilifungwa katika dakika za lala salama. Kwake timu zote zilitandaza kandanda safi na mashuti yote yalikuwa makombora. Siku moja aliandika ripoti ya mechi iliyoahirishwa kwa mvua, ikiwa na mabao mawili na penalti yenye utata. Mhariri alimsifu kwa kuiwasilisha mapema.

Alimwoa dada wa kipa mmoja aliyeitwa Komeo, ambaye lango lake lilikuwa gumu kufunguka. Katika mechi moja Komeo alirukia miguu ya mshambuliaji, akagonga mgongo kwenye nguzo ya goli, akalala. Mashabiki walikuwa na redio ndogo masikioni, kama kawaida, ili waambiwe wanachokiona.

"Kipa anapoteza muda!" Lala Salama alitangaza. "Huyu ni shemeji yangu, namjua kwa kudeka! Inuka, bwana! Inuka!"

Uwanja mzima ukadakia. Inuka! Inuka! Chupa zikaanza kurushwa. Mabeki wawili walimshika Komeo makwapani wakamsimamisha. Beki wa kushoto alisema baadaye kwamba alisikia kitu kikilia mgongoni, kama kalamu inayovunjika. Daktari alisema kwamba wangemwacha alale mpaka machela ifike, angekuwa anatembea.

Kutokana na hayo kikazaliwa kitabu. Kinaitwa *Inuka!*, na kwenye jalada kuna picha ya Lala Salama amekunja mikono. Ukurasa wa arobaini na moja unasema: "Nilimwambia inuka, naye akainuka." Kisha kitabu kinahamia kwenye faida za kuamka mapema.

Viongozi wa klabu walikisoma. Wiki hiyohiyo walimtuma dereva kwenda kuchukua kiti cha magurudumu walichompa Komeo, maana aliyeinuka hana haja nacho. Sasa kiko ofisini kwa katibu wa klabu, naye hukitundikia koti. Katibu si mtu mbaya. Alisema mwandishi mwenyewe akitamka hadharani kwamba kitabu kimekosea, kiti kitarudi.

Ndiyo maana Komeo alikuja shuleni. Alikuja amekalia kiti cha ofisini chenye vigurudumu, kilichoazimwa kwa mhasibu wa shule, akisukumwa na mpwawe, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayefahamika kwa walimu kutokana na mambo ambayo hayajathibitishwa. Walimkuta Lala Salama mlangoni akisaini vitabu.

"Shemeji," Komeo alisema, "neno moja tu. Sema akainuliwa. Mimi sikuinuka. Niliinuliwa."

"Shemeji bwana!" Lala Salama alicheka, akampiga bega. "Nani atanunua kitabu kinachoitwa *Inuliwa*? Hata mama yangu hawezi."

"Jina liache. Mimi nataka kiti changu."

"Shida yako unakaa sana na mawazo hasi."

"Nakaa sana, ndiyo."

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa kwenye foleni. Huyu aliwahi kumrudishia mpwa insha nzima kwa kuchanganya kutendeka na kutendwa.

"Mwalimu," Komeo alimgeukia, "kuinuka na kuinuliwa ni kitu kimoja?"

"Tofauti ipo," mwalimu alisema. "Lakini kisanaa, unajua..." Akanyoosha nakala yake isainiwe.

Basi Komeo akamwambia mpwawe amweke nyuma, kwenye njia ya katikati. Mpango wao ulikuwa mwepesi. Lala Salama akifika kwenye "akainuka", mpwa atapaza sauti, "Akainuliwa!" Kijana ana sauti ya kutosha, ndiyo iliyomfanya afukuzwe kwaya. Mwandishi atalazimika kujibu mbele ya shule nzima, na katibu wa klabu, aliyekaa safu ya mbele na koti lake, atasikia.

"Na ushike kiti vizuri," Komeo alimwambia. "Hii sakafu inateremka."

Lala Salama akapanda jukwaani. Alieleza alivyozaliwa bila kitu, jambo ambalo mkuu wa shule aliliandika. Kisha akainua mkono.

"Nilimwambia inuka, naye akainuka! Na wewe, inuka!"

Wakainuka. Kidato cha kwanza walipanda na mabenchi yao. Mkuu wa shule alipanda na kiti chake, akibana tai isimpige usoni. Wapishi walipanda wakionyesha soksi. Jagi la maji lilipanda bila kumwagika. Lala Salama mwenyewe alibaki chini, kama siku zote, kwa sababu waya wa kipaza sauti ni mfupi.

Komeo pia alibaki. Kiti cha mhasibu kilianza kuteremka, kikilia kwa kukosa grisi, kikapita chini ya nyayo za shule nzima, kikagota kwenye jukwaa.

"Shemeji," Komeo alisema. "Sema."

Ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikika kamba za viatu zikining'inia. Lala Salama alimtazama. Midomo yake ilijipanga kama ya mtu anayeanza kutamka kitu.

"Mmeona?" alipaza sauti. "Amekuja mwenyewe! Katika dakika za lala salama!"

Makofi yalipigwa, na kila kofi likawapandisha zaidi, mpaka warefu wakakaribia dari. Katibu wa klabu aliyapiga huku koti likimfunika macho. Toleo jipya la kitabu lina ukurasa wa ziada unaoitwa "Akaja". Mhasibu alidai kiti chake kabla ya chakula cha mchana, na Komeo akasogezwa kwenye ngazi ya jukwaa.

Hapo ndipo taarifa hii ilipopangwa kuishia, kwa heshima na taadhima. Lakini watu walipokuwa wakishuka mmoja mmoja na kutafuta viatu, Komeo alitazama juu.

"Wewe! Si nilikuambia ushike kiti?"

Kwenye dari alikuwa amebaki mmoja, karibu na feni, viganja vimemwiva kwa kupiga makofi. Sawa, nimekamatwa. Ni mimi. Mpwa ni mimi, na Lala Salama ni baba yangu, na sare niliyovaa ilitoka ukurasa wa arobaini na moja. Nilifungua kinywa nitamke neno letu, likatoka "Hoyeee!"

"Mjomba," nilimjibu kutoka huko juu, "mimi sikupanda. Nilipandishwa."

Alinitazama, mikono yake ikiwa imeshika ngazi ili asianguke.

"Hapana, mpwa wangu," akasema. "Ulipanda."