Mfuko wa Kumi na Moja

Évariste alikuwa na sheria moja kuhusu benki: unapochota sarafu, usirudishe hapohapo. Ukirudisha hapohapo, wiki ijayo utapewa sarafu zilezile ulizokwisha kuzikataa, na karani atakuchoka mapema. Kwa hiyo alichota tawi la Braamfontein, karibu na jengo alilokuwa akililinda, na kurudisha tawi la Bruma, mteremko mmoja kutoka mtaa wa Observatory alikoishi na mkewe Marthe.

Kila Ijumaa alitoa randi elfu moja ya akiba yao na kupewa mifuko kumi ya plastiki inayoonyesha ndani, kila mfuko una sarafu ishirini za randi tano. Nyumbani alizimwaga mezani akasoma miaka yake, moja baada ya nyingine. Akikuta mwaka asiokuwa nao, aliiweka kando sarafu hiyo na kujaza pengo kwa ya kawaida kutoka mfukoni mwake. Hakuuza hata moja. Walinzi wenzake walimcheka, wakasema Mkongomani huyu anabeba hela benki ili azirudishe benki. Aliwajibu kwamba wao hucheza bahati nasibu, na hakuna anayewarudishia kitu.

Baada ya miaka sita, Jumamosi moja ya 2018, alipata mwaka wa ishirini. Sarafu ishirini, miaka ishirini, hakuna uliojirudia. Alikuwa akizihifadhi katika mfuko kama ile ya benki, maana ile plastiki haikwaruzi. Sasa mfuko ulijaa, akauziba, akaupima mkononi kwa furaha. Ulikuwa na uzito uleule wa mingine. Akauweka kwenye rafu ya mlangoni, pembeni ya ile kumi ya kurudisha, akaenda kulala.

Jumatatu alikuwa zamu. Marthe, aliyekuwa akisuka nywele saluni moja ya Yeoville, alikubali kuipeleka mifuko Bruma kabla ya kwenda kazini. Alimpigia simu akiwa mlangoni.

"Papa Héritière," alimwita kwa jina la binti yao, "ulisema mifuko kumi. Huku niko na kumi na moja."

Gari la bosi lilikuwa limesimama mbele ya geti likipiga honi.

"Peleka yote, Mama. Usinisumbue."

Akakata simu.

Jioni aliporudi aliiona rafu tupu. Marthe alikuwa ameshapakua chakula.

"Ulipeleka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na moja."

"Mimi nilisema kumi."

Marthe alimtazama. Évariste alijua vizuri alichosema kwenye simu. Alikikumbuka neno kwa neno, na honi pia aliikumbuka. Lakini mtu akiwa na uchungu hutafuta pa kuutua, na mke alikuwa karibu. Akamweleza mfuko ule ulikuwa na nini. Akaacha lile neno "kumi" libaki pale mezani kama lilivyo.

"Basi nimekosa mimi," alisema Marthe polepole. Hakumalizia sahani yake.

Asubuhi walishuka wote wawili. Évariste alikuwa na siku ya mapumziko. Marthe aliwaambia wateja wake waje kesho.

Karani wa Bruma alikuwa Bwana Naidoo, mzee wa miwani aliyemfahamu Évariste kama mtu wa kumletea kazi. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mifuko ya randi tano ninayo arobaini na moja kwenye kreti," alisema. "Yote inafanana. Siwezi kukufungulia hapa. Toa hela, upewe mifuko, uangalie, urudishe. Kila ukirudisha, makato yapo. Na gari la fedha linakuja saa nane."

"Ninaweza kutoa ya elfu moja tu kwa mara moja."

"Basi anza mapema, baba."

Wakakaa kwenye benchi la wateja na mifuko kumi ya kwanza. Évariste alitaka kuifungua. Marthe akamzuia.

"Ngoja. Ziko za miaka ishirini, kila moja na wake?"

"Ndiyo."

"Basi juu ya nini ufungue? Sukuma kwa kidole hapa juu ya plastiki. Ukiona mbili za mwaka mmoja, si huo. Weka chini."

Évariste aliuachia mfuko. Miaka sita ya uwindaji, na hilo hakuwa amelifikiria. Vidole vya Marthe, vilivyozoea kugawa nywele mistari membamba, vilizipindua sarafu ndani ya plastiki kwa haraka mara tatu kuliko vyake. Mfuko mmoja haukumchukua hata dakika mbili.

Kumi ya kwanza haikuwa na kitu. Évariste alirudi kwenye foleni, watu kumi na wanne mbele yake. Bwana Naidoo aliipima, akaiweka kreti nyingine, akakata makato, akatoa mingine kumi.

Walipoimaliza na hiyo, Marthe alisimama.

"Nipe kadi yako, niende mimi. Wewe yule mzee amekuchoka, sura yako tu inamkera."

Évariste hakubishana. Akajiegemeza ukutani akafumba macho. Marthe alirudi na kumi ya tatu, wakaendelea. Sasa vidole vyake vilikwenda taratibu zaidi. Évariste akadhani amechoka, akaona aibu.

Kumi ya nne ilikuwa mapajani mwao, nusu haijaangaliwa, gari la fedha lilipofika. Halikungoja saa nane. Walinzi wawili wenye bunduki waliingia, mmoja akasaini, kreti zote mbili zikatolewa nje kwa kigari cha magurudumu. Mfuko mmoja ambao hawakuwahi kuushika ulikwenda nao. Évariste alihesabu: hii iliyobaki mapajani, au ule mmoja.

Waliimaliza iliyobaki. Miaka ilijirudia, mbili mbili, tatu tatu.

"Basi umekwenda," alisema.

Marthe aliingiza mkono ndani ya mkoba wake.

Évariste aliangalia sakafu. Hakuna tena cha kutafuta, na bila cha kutafuta lile neno la jana lilimrudia.

"Mama Héritière. Wewe ulinipigia. Uliniambia iko kumi na moja. Mimi ndiye nilisema peleka yote. Nilijua tangu jana, nikakuacha ule hasira zangu."

"Nilikuwa nangoja hilo," alisema Marthe.

Akatoa mkono mkobani. Juu ya goti la mumewe akaweka mfuko. Évariste alisukuma sarafu kwa kidole: mwaka, mwaka mwingine, mwingine tena. Ishirini.

"Umeupata wapi?"

"Katika ile kumi ya pili. Nilirudisha tisa, nikaongeza noti yangu ya mia."

"Na hii ya tatu na ya nne, nakatwa makato bure?"

"Si bure. Hayo ni ya simu uliyonikatia." Akajifunga vizuri kitambaa chake kichwani. "Na gari lingechelewa, ningekukatisha ya tano. Halafu ile mia yangu nitaitaka leo, si Ijumaa."

Évariste alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Kicheko kikamtoka puani, kidogo, kisha kikubwa, mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka.

Akakusanya ile kumi ya nne akaenda kusimama kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, Bwana Naidoo aliivuta mifuko chini ya kioo bila kumtazama.

"Mmeupata?"

"Mke wangu ameupata."

"Nilijua," alisema mzee. "Aliponipa noti alinikonyeza." Akaweka mfuko wa kwanza kwenye mizani. "Mwache yeye awe anazileta."