Simu Niliyoizima

...aya ileile tena, mara ya tano sasa, macho yanapita juu yake wala hayasomi, juzuu ya kumi na saba nimepewa mimi, kina mama wenzangu wanafunua kurasa nami nimekwama pale pale, mwana wa marehemu, ningestahili kumsomea kuliko wote, arubaini ya babangu leo, nyumba yetu ya Ndia Kuu imejaa mabuibui, pilau inanukia uani, na mamangu yuko edani chumba cha ndani, asubuhi kanishika mkono, Raihana, waandikie watu wako wa mabomu uwambie basi, babako apate kutulia, nikasema inshallah, wakili mzima namdanganya mjane... si uongo wote lakini, barua nishaiandika, imo kwenye simu, na simu imo mapajani, mniwie radhi, sitaweza kujiunga nanyi, imebaki kuituma tu... mwanzo, nilipomwambia nimeitwa na kikundi cha kupinga mabomu ya nyuklia, pamoja na manusura wa Japani, baba alicheka, bomu la nyuklia, hapa Mombasa nani analo, Zaki jirani yetu, muuza vinyago? kisha akajua nimeacha kazi ya afisi kwa ajili yao, hakucheka tena, nimekusomesha sheria uwatetee watu wako, si Wajapani, sina radhi na jambo hilo, akanyanyuka akenda kusali... siku tatu tu baadaye, niko kwangu Ganjoni, mkutano wa kwanza na kikundi kwa kompyuta, nikazima simu nisisumbuliwe, bibi kizee wa Hiroshima anasimulia, mkalimani anatafsiri polepole, dadake mdogo kaungua mwili mzima, anaomba maji, na wakubwa wamekataza, aliyeungua akinywa hufa, basi hakumpa, akafa vilevile, na kiu yake, miaka themanini bibi yule angali anajilaumu, nami nalia mbele ya kompyuta, namlilia mtoto wa watu, na saa ileile babangu anakata roho hapa, anauliza, Raihana kaja? Saif ndugu yangu kapiga mara kumi na moja... umefika wapi, mwanangu, ni Bi Ummukulthum, mwalimu wetu wa chuoni, anakusanya juzuu, wenzio wamaliza, twangoja yako tuombe dua, nami nasema, karibu namaliza, Bi... Saif alimtilia maji kwa kijiko, na shahada sikioni, kameza mara mbili, ya tatu yakamtoka mdomoni, Saif akampangusa kidevu, basi, akaenda zake, na mimi sikuweko, hilo nitalibeba hadi kaburini... lakini ulipewa maji, baba, wewe ulipewa, kitandani mwako, na mwanao, mtoto yule hakupewa, na bomu lile likianguka mji mzima huungua, mwenye kijiko naye huungua, habaki wa kumpangusa mtu kidevu, haya ndiyo niliyotaka kukueleza ukanikatiza, na nikakwambia hujui kitu, ndilo neno langu la mwisho kwako, hujui kitu... naifuta barua, neno baada ya neno, mama atalia, atasema nimemzika mumewe mara ya pili... Bi, nisubirini, sijasoma hata ukurasa, ananitazama, anaitikia kwa kichwa, anakaa... radhi zako sikuzipata ulipokuwa hai, na maiti hatoi radhi, nitakwenda kwao bila hizo, baba, nitakwenda na kinyongo chako.