Mkono Begani mwa Ruguru

Ruguru hakuwa na sweta ya shule, hakuwa na cheti cha tathmini, hakuwa na meno mawili ya mbele, wala hakuwa na uzito. Asiposhikwa na mtu aliinuka polepole kutoka kwenye kiti chake cha gredi ya tatu, mpaka kisogo kikagota mabati. Shule ilikuwa nje ya Siakago, penye jua kali. Kufikia saa sita mabati hayo yangeweza kukaanga ndengu.

Kamba haikufaa, aliinuka na dawati. Kilichofaa ni mkono wa mtu. Wazazi wakachanga, wakamweka Veronicah awe msaidizi wa darasani, amshike bega. Chini ya mkono huo Ruguru alisoma kama wenzake. Kisha mvua ikakosekana, michango ikaisha, na mwalimu mkuu, Njeru, akaomba serikali imwajiri Veronicah. Ofisi ya elimu kule Embu ikasema mtoto apimwe kwanza.

Siku ya kupimwa walifanya kama wanavyomfanyia mgeni yeyote wa serikali. Waliosha sakafu, wakachinja jogoo. Nyanya yake Ruguru akamsuka nywele, akamwambia Veronicah, "Usituaibishe mbele ya mgeni. Mshike vizuri."

Veronicah akamshika vizuri.

Mpimaji, Bwana Kathuri, aliuliza maswali, akajibiwa yote.

"Mtoto amekaa sawa kabisa," alisema. "Msaidizi ni wa nini?"

"Ngoja nimwachilie, bwana." Veronicah akaondoa mkono.

Ruguru akapanda. Kathuri alimtazama mpaka alipogota, kisha akarudi kwenye karatasi zake.

"Kuna sehemu ya macho, ya masikio, ya kuongea, ya kutembea. Ya kupanda juu hakuna."

"Si uandike hapo chini?"

"Hapo chini ni pa sahihi, madam."

Akaandika kwamba mtoto hana mahitaji maalum. Akala jogoo, akasifu mchuzi.

Muhula uliofuata Veronicah aliuza nyanya sokoni, na Ruguru alisomea juu. Walimrushia vitabu, naye akawarushia majibu. Nywele za kisogoni ziliungua, kisha ngozi.

"Wewe huko juu, umeiva?" wavulana walimuuliza.

"Upande mmoja."

Ofisi ikauliza kama shule ina malalamiko. Njeru, aliyekuwa akingojea madawati kutoka ofisi hiyo hiyo, aliandika barua akiwa darasani: hakuna. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Tone la jasho likadondoka kutoka juu, likatua pale pale.

"Asante, Ruguru," alisema bila kuinua macho. Akabana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akampa mtu wa bodaboda aipeleke Embu.