Bei ya Siku ya Kilio

Cheptanui alifika mnadani Nakuru akakuta lango la mifugo limefungwa mnyororo na bendera inapepea nusu mlingoti. Mfalme wa Uingereza alikuwa anazikwa siku hiyo huko kwao, na huku ng'ombe hawauzwi.

Nyumbani alikuwa amemwacha mjukuu mchanga aliyefiwa na mama wakati wa kuzaliwa, na uji aliutema. Bila maziwa mtoto hangeishi, ndiyo maana Cheptanui alikuwa ameuza dume lake la pekee ili anunue ng'ombe wa kukamwa.

Kemboi, askari wa lango, alimhurumia. "Mama, siku ya matanga mtu hanunui kwa macho, ananunua kwa woga. Ndiyo maana wamefunga. Rudi Jumatatu."

Lakini Nyakio, muuza chai pale nje, alikuwa na yake. Alimvuta kando akamuuliza kichwa kilichoko kwenye shilingi ni cha nani kama si cha huyo marehemu. Jioni akishafukiwa, alinong'ona, pesa zake zitakuwa vyuma tu. Kwani soko limefungwa kwa nini?

Cheptanui akalishika fundo la shilingi zake. Basi mtoto ndiyo afe hivyo?

Kando ya ua alisimama Waithaka, mchuuzi, na ng'ombe mwekundu aliyekosa mteja kwa kuwa soko lilifungwa. Kwa Cheptanui, mtu huyu alionekana hajasikia habari ya pesa kufa. Mwanamke wa kwao hanunui ng'ombe bila kumshika kiwele na kuuliza jina lake, lakini yeye alimtupia mchuuzi shilingi zote, akashika kamba, akaondoka mbiombio asije akaitwa. Njia nzima alimwonea Waithaka huruma, maskini, kwa kumbebesha pesa mfu.

Nyumbani alichuchumaa kukamua. Kiwele kilikuwa kigumu, na chuchu zikatoa usaha kidogo. Alikamua tena na tena.

Jumatatu alimkokota ng'ombe hadi mnadani, mtoto mgongoni. Lango lilikuwa wazi, na watu walinunua kwa shilingi zile zile za marehemu. Waliokuja kwa ng'ombe wake walishika kiwele, wakaenda zao.

Kemboi alimuuliza pesa zake ziko wapi. Mtoto alikuwa ameacha kulia tangu njiani, na Cheptanui aliogopa kufungua shuka.