Tairi la Saba

Soksi ya kushoto haikutaka kutoka. Binti yangu aliishikilia kwa mikono miwili huku amekaa ukingoni mwa beseni.

"Mama, nitavua mwenyewe."

"Tangu lini?"

Nilipoivuta, ikaja na damu iliyoganda. Chini ya goti kulikuwa na mkato mrefu kama kidole changu. Nikamuuliza kama ni kwenye matairi. Akatazama sakafu.

"Usimwambie mwalimu mkuu. Ulisema akiumia mtu, yanang'olewa yote."

Kweli nilisema, mezani, nikimsimulia baba yake. Mihula miwili mtoto huyu alimaliza saa ya chakula cha mchana ameegemea ukuta wa stoo, bakuli tupu mapajani, hadi wenzake wakambandika jina la Kisiki. Uwanja ulikuwa vumbi na mpira wa wakubwa, basi. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama, nikaomba matairi kumi na mawili yafukiwe nusu ardhini, watoto waruke kutoka moja hadi jingine. Mwalimu mkuu alikubali shingo upande: wiki mbili za majaribio, na akitoka damu mtoto mmoja, yanarudi kwa fundi wa magari aliyeyatoa. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake.

Nikambeba hadi zahanati. Muuguzi alimchoma sindano ya pepopunda, akasafisha kidonda.

"Hajaanguka huyu," akasema. "Kuna kitu kimemkata."

Njiani Kisiki akafunguka. Waya ulikuwa umechomoza kwenye tairi la saba.

"Lakini sote tunajua, mama. Tunaliruka."

"Hata wa darasa la kwanza?"

"Hao tunawashika mkono. Leo nikimvusha mmoja, waya ukanipata."

Watoto wa shule nzima walikuwa wamefunga midomo.

"Siku moja tu, mke wangu," baba yake akasema tulipofika nyumbani. "Kesho ipite, halafu fundi aje aukate huo waya. Nani atajua?"

Sitadanganya, nilitamani. Ila kila nilipofumba macho niliona mguu mwingine, mdogo zaidi, na hakuna aliyemshika mkono mwenye mguu huo.

Asubuhi nilisimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, nikasema yote bila kupumua. Akavua miwani.

"Mama, umejileta mwenyewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Rudi saa ya chakula."

Niliporudi alikuwa pembeni ya uwanja, mikono nyuma. Watoto waliruka kwa mstari. Walipofika la saba, msichana mkubwa akamvusha mdogo bila hata kuangalia chini, kama mtu anayefunga mlango wa kwao. Mwalimu mkuu alitazama wanne, watano, wakivushwa hivyo. Kisha akamwita mlinzi.

"Lete jembe."

Binti yangu akarudi kwenye ukuta wake wa stoo, akaketi.

Mlinzi alilichimbua la saba, akapangusa jasho, akasogelea la nane.

"Nani kakwambia ulichimbue na hilo?" mwalimu mkuu akamuuliza. Akanigeukia. "Wiki mbili nyingine, mama. Na kila siku kabla ya kengele uje upitishe mkono wako, wewe, juu ya kila moja."

"Nianze lini?"

"Mkono unao hapo?"

Nikapiga magoti vumbini, nikaanza na la kwanza. Nilipofika la nne niliinua macho. Kisiki alikuwa bado ukutani, soksi ameishusha, bendeji nje. Lakini alikuwa amesimama, akinihesabia matairi.