Nani Kaushinda Moyo wa Mzee Shebughe

Jana mchana, baada ya kushiba wali na dagaa wa kukaanga, Mzee Shebughe wa Korogwe alisinzia kwenye kiti chake cha uvivu, akaota moyo wake unacheza mpira.

Ndoto ilianzia kliniki, mbele ya Sista Eufrasia, muuguzi anayempima kila mwezi. Sista alirudia maneno yale yale aliyomwambia siku ya kwanza: "Mzee, moyo wako umeshindwa kufanya kazi vizuri." Siku ile ya kweli Mzee Shebughe aliitikia kwa kichwa tu. Ndotoni akauliza swali ambalo refa yeyote wa zamani angeliuliza.

"Umeshindwa na nani?"

"Na Maji," Sista akajibu bila kuinua uso. "Mpaka sasa tatu bila. Haya nenda, wanakusubiri uchezeshe."

Hakushangaa. Alikuwa amechezesha mpira wilayani tangu ujana wake mpaka magoti yalipokataa, na sifa yake ilikuwa moja: hapendelei. Siku ya fainali fulani alimpa kadi nyekundu kaka wa mkewe, na jioni akaenda kula kwao kama kawaida.

Anafungua mlango wa kliniki. Nje hakuna barabara, kuna uwanja. Uwanja wenyewe ni mguu wake wa kushoto, kutoka gotini hadi kwenye vidole, umetanda mpana kama kiwanja cha shule. Umevimba na unabonyea kila anapokanyaga. Alama ya penalti ni shimo la kidole gumba cha Sista Eufrasia, alipobonyeza kupima uvimbe. Halijajaa bado.

Katikati amesimama Moyo. Amepanuka kuliko jezi yake, kitovu kiko nje.

"Shikamoo refa."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Nakimbia tu," Moyo akasema, huku anahema.

Ni kweli alikuwa anakimbia. Alipiga mpira haraka haraka, shuti juu ya shuti, na karibu yote yakafia njiani. Golikipa wake, Ubongo, alilalamika kwamba hajaguswa na mpira tangu asubuhi na sasa anasikia kizunguzungu.

Mzee Shebughe akawahesabu wachezaji wa Maji. Alifika kumi na mmoja, na bado walikuwa wanaingia. Walipita lango la nyuma, na langoni pale walisimama Figo wawili, mapacha, mabeki wa Moyo mwenyewe, wakiwakaribisha wageni kwa mikono miwili.

"Nyinyi mnawafungulia wapinzani?"

"Damu haitufikii, mzee," akasema Figo wa kulia. "Tukadhani kiangazi kimeingia."

"Na kiangazi mtu huweka maji," akaongeza wa kushoto.

Mzee Shebughe akapekua sheria zote kichwani. Hakuona inayomkataza beki kuwa mjinga.

Akageukia benchi la akiba. Vidonge vitatu vimekaa pale vimekunja mikono, vimenuna.

"Mbona hamwingii?"

"Kocha hajatuita tangu Ijumaa," kikasema kile kidogo.

"Kocha ni nani?"

Vikamtazama kwa huruma. "Ni wewe."

Hapo ndipo alipotoka jasho. Kweli, tangu Ijumaa alikuwa ameacha dawa, kwa siri. Alijisikia mzima, na kidonge cha mkojo kilikuwa kinamharibia maongezi barazani. Kila hadithi ikifika penye utamu, yeye yuko chooni. Lakini hilo halikumtisha kama hili la pili. Refa ambaye pia ni kocha. Mtu wa namna hiyo yeye mwenyewe angependekeza afungiwe maisha. Akatazama kulia na kushoto kama kuna aliyesikia.

"Ingieni," akanong'ona. "Lakini mimi sijawaita."

Kidonge cha mkojo kikawa cha kwanza kukimbia. Kikawanong'oneza Figo maneno masikioni, nao kwa aibu wakageuza lango lifungukie nje. Mara mchezaji mmoja wa Maji akanyoosha kidole.

"Refa, naomba nitoke kidogo."

"Toka."

Akafuata mwingine, kisha wengine wanne kwa mpigo, wamebana magoti. Hakuna aliyerudi.

Kidonge cha pili, cha kulegeza mishipa, kikapita kwenye kila njia ya mpira na kuisukuma kwa mabega mpaka ikapanuka. Kilikuwa kinakohoa kikohozi kikavu. "Msinijali," kikasema, "ndivyo nilivyo."

Cha tatu kilikuwa cha kutuliza mapigo, mtu mzima, mwendo wa bwana harusi. Kikamfuata Moyo taratibu, kikamshika jezi kwa nyuma.

"Refa, huyu ananishika," Moyo akalalamika.

"Sheria inakataza kumshika mpinzani. Huyu ni mwenzako."

"Ananipunguzia kasi, na tumefungwa tatu."

"Unapiga kabla mpira haujakufikia," kikasema kidonge kwa upole. "Tulia. Subiri ujae. Sasa piga."

Moyo akasubiri. Kusubiri kwenyewe kulimtia kiwewe, lakini alisubiri, akajaa, akapiga. Mpira ukapita kwenye zile njia pana, ukafika mpaka kwa Ubongo, ambaye aliudaka, akaubusu na kukumbuka jina la mjukuu wake.

Mara uwanja ukawa meza ya chakula. Chumvi amesimama ukingoni mwa sahani ya dagaa, anawapungia mkono Maji waliotoka. "Rudini, jamani. Mimi nipo huku."

Mzee Shebughe akamwonyesha kadi nyekundu.

"Mimi ni shabiki tu," Chumvi akasema.

"Basi kashangilie kwa jirani."

Ndipo nahodha wa Maji alipomkaribia, mrefu, anachuruzika, anagonga saa yake kwa ukucha. "Muda umekwisha, refa. Piga filimbi."

Mzee Shebughe akatazama saa. Kweli umekwisha.

"Nikipiga, mwenye mguu huu anakwenda wapi?"

"Hilo si la refa."

Na hilo pia lilikuwa kweli. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni, na maisha yake yote hakuwahi kumwongezea mtu dakika kwa sababu ya kumpenda. Kisha akaitoa filimbi.

"Kuna muda uliopotezwa," akasema.

"Na nani?"

"Na mimi. Tangu Ijumaa."

Akatoa kadi ya njano, akajionyesha mwenyewe kwa kuchelewesha mchezo. Nahodha akafungua kinywa apinge, akakosa kifungu cha sheria, akanyoosha kidole kuomba ruhusa ya kutoka.

"Tutawashinda?" Moyo akauliza.

"Hatutawashinda," kikajibu kidonge cha kutuliza mapigo, bado kimeshika jezi. "Lakini mechi itaendelea."

"Baba Mbelwa, unapuliza nini?"

Ni Bi Kidawa, mkewe, amesimama mbele ya kiti. Mzee Shebughe akashusha mashavu. Akaomba kopo la dawa, akaeleza habari ya Ijumaa kwa maneno machache iwezekanavyo. Bi Kidawa hakugomba. Alikwenda kuleta maji ya kumezea.

"Cha leo tu kila kimoja," akasema. "Usifidie vya nyuma. Na kesho tunakwenda kwa Sista, umwambie mwenyewe."

Akapiga magoti ampandishe mguu kwenye kigoda. Akasita.

"Umekanyagwa na nani?"

Kwenye uvimbe, kutoka gotini kushuka, palikuwa na vishimo vidogo vidogo kama vya punje za mtama, sita sita, jinsi njumu za viatu vya mpira zinavyoacha alama kwenye udongo laini. Bi Kidawa akazifuata alama hizo kwa kidole mpaka ukingoni mwa mguu. Zote zilikuwa zinaelekea nje.